Mkanda wa Nne Ulipobaki Chepsaita

Mwalimu Jeconia Ondiek alikuwa na kipaji adimu cha kutofurahishwa na jambo lolote, akakitunza kipaji hicho kama majirani zake walivyotunza ng'ombe wa gredi. Alifundisha fasihi katika shule moja ya sekondari mjini Eldoret, na hakuna hadithi iliyopita mbele yake ikatoka na ngozi nzima. Ikiwa fupi, alisema mwandishi amechoka. Ikiwa ndefu, alisema amechosha. Lakini dhambi iliyozidi zote, dhambi isiyo na toba katika madhehebu yake, ilikuwa hadithi ambayo mtu anaweza kuubashiri mwisho wake.

Ili kujiepusha na dhambi hiyo, alikuwa ameandika mchezo wa kuigiza ambao hakuna aliyeweza kuubashiri mwisho wake, wala kuutambua mwanzo wake, wala kujua kama umefika katikati. Ulihusu kijiji ambacho kisima chake kimefungwa kwa kufuli. Hayo ndiyo yaliyojulikana. Mengine yalibaki baina ya Mwalimu na Mola wake. Aliyefariki katika onyesho la kwanza ndiye aliyekuwa msimulizi katika onyesho la tatu, na katika onyesho la nne ikabainika kwamba alikuwa bado hajazaliwa. Wanafunzi ishirini na wawili waliyakariri maneno yao kwa utiifu mkubwa. Aliyepewa nafasi ya kuwa kufuli aliuliza kama kufuli ni jema au baya, akajibiwa kwamba swali hilo ndilo mchezo wenyewe.

Ilikuwa Machi ya mwaka wa themanini na tano, na katika miaka ile mchezo haukupanda jukwaani bila kibali cha Mkuu wa Tarafa, ambaye watu wote, hata wasiojua herufi moja ya Kiingereza, walimwita D.O. Fomu ya kibali ilikuwa ya ukurasa mmoja. Iliuliza jina la mchezo, jina la mdhamini, idadi ya viti, na idadi ya milango ya kukimbilia moto ukizuka. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja mtupu, urefu wake kiganja cha mkono, na mbele yake maneno haya: Kinachotokea katika hadithi. Mstari huo D.O. aliujaza kwa mkono wake mwenyewe baada ya kusoma, ndipo akatia sahihi. Mchezo wa Mwalimu Ondiek ulikuwa mezani pake tangu kabla ya Krismasi, na mstari ulikuwa bado mweupe. Tamasha la mashindano ya maigizo ya shule lilikuwa Jumanne. Kibali kisipotoka kabla ya siku hiyo, wanafunzi ishirini na wawili wangebaki bwenini pamoja na kufuli lao.

Mwalimu mkuu, Mama Perez Adero, alikuwa mwanamke aliyemwamini Mwenyezi Mungu na aliyeamini pia kwamba fomu isiyobebwa mkononi haifiki. Aliandaa harambee ya kujenga maabara kwa namna isiyochosha watu kwa hotuba: angekodi ukumbi wa sinema ulio nyuma ya soko, Jumamosi alasiri, ionyeshwe filamu mpya ya vyombo vya angani, na D.O. awe mgeni wa heshima.

"Nitakuketisha nyuma yake," alimwambia Ondiek. "Filamu ikiisha utamweleza huo mchezo wako. Lakini Mwalimu, tafadhali, kwa lugha ya binadamu."

"Mama, fasihi haielezwi. Fasihi huishi."

"Basi iishi kwa kifupi."

Filamu yenyewe ilianza kuonyeshwa Alhamisi, na Ondiek alikwenda kuitazama kwa moyo uleule wa mtu anayekwenda kutazama nyumba iliyoungua. Iliitwa *Mfalme wa Sayari ya Saba*. Ilisemwa kwa Kiingereza cha puani, ambacho watu wengi ukumbini hawakukishika, na wala hawakukihitaji. Walioneshwa chombo kirefu kiasi kwamba kilichukua dakika nne kupita, toka pua hadi mkia, na watu waliinamisha vichwa kana kwamba kingewagonga. Walioneshwa bahari iliyosimama wima kama ukuta. Walioneshwa mfalme aliyetawala miaka mia mbili kwa kunywa mwanga wa nyota, nyota moja baada ya nyingine, na kila alipomeza, upande mmoja wa mbingu ulizimika. Mkulima mmoja kutoka Turbo, aliyekuja mjini kununua mbolea, alisahau mbolea.

Mkanda wa kwanza ulipokwisha, Ondiek alitoka. Nje mlangoni alimkuta Nasambu, muuza njugu, aliyekaa hapo miaka mingi kuliko mlango wenyewe, akamwomba kipande cha karatasi.

"Tayari umetoka?" Nasambu akamwuliza. "Ama tumbo?"

"Nimemaliza. Nimeona yote."

"Wacha uongo, Mwalimu. Kumebaki mikanda minne."

"Hiyo minne nakuandikia sasa hivi." Akaandika, akisimama, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia. Kijana wa machimboni atamfahamu rubani mzee mwenye mkono mmoja, mzee atamfundisha, wataingia jumba la mfalme, watu wote watainuka, mfalme ataanguka, nyota zitarudi. Aliikunja karatasi akampa. "Iweke. Filamu ikiisha, ulinganishe."

Elphas Wepukhulu, mwendesha mashine, alikuwa ameteremka kuvuta hewa wakati mkanda wa pili ukizunguka wenyewe. Alikuwa ameuendesha ukumbi ule kwa miaka kumi na moja na alizungumza polepole, kama mtu anayeogopa kukata mkanda.

"Kwa hivyo si nzuri?" akauliza.

"Wepukhulu, wametumia akili ya watu elfu moja kutengeneza chombo, na akili ya nusu mtu kutengeneza hadithi. Mtoto wa darasa la nne angeiandika."

"Mimi hadithi sijawahi kuijua. Huko juu mimi natazama kama picha imekaa sawa pembeni." Akafikiri. "Lakini ile nyota ikizimika, Mwalimu, kila mara moyo wangu unashtuka. Na mimi ndiye naizima."

"Hiyo ni taa, si sanaa."

"Sawa," alisema Wepukhulu, akapanda ngazi kwenda kwenye taa zake.

Kwa Ondiek mjadala ulikuwa umekwisha, na alihakikisha mji mzima unapata habari. Alisema katika chumba cha walimu, akasema kwa kinyozi, akasema Ijumaa mbele ya posta, kwamba filamu ile angeweza kuisimulia yote akiwa amefumba macho. Maneno hayo yalisafiri vizuri. Na laiti angenyamaza siku mbili tu, kisa hiki kisingekuwa na la kusimulia.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kochi lilitolewa sebuleni kwa Mama Perez likawekwa mstari wa mbele, na juu yake akaketi Bwana D.O., amevaa sare iliyopigwa pasi hadi ikawa na kingo, beji ya chama kifuani, kifimbo magotini, kofia kichwani. Juu ya mlango ilining'inia ile picha ya Rais iliyokuwamo katika kila duka na kila ofisi. Bendera ilipepea kwenye kitambaa cheupe cha sinema, wimbo wa taifa ukapigwa, watu wote wakasimama. Na ulipokwisha walingoja kwanza D.O. aketi, naye, kwa kuwa alijua wanamngoja, hakuwa na haraka.

Mkanda wa kwanza ulipita, wa pili, wa tatu. Mgeni wa heshima aliinamisha kichwa chombo kilipopita, kama wenzake wote. Katika mkanda wa tatu umati wa watu wa sayari ya saba ulimiminika barabarani ukipiga kelele dhidi ya mfalme, mienge maelfu mikononi, moto ukimeremeta juu ya barafu, na D.O. akapiga makofi. Ondiek, aliyeketi nyuma yake, aliyahesabu makofi hayo kuwa ushahidi dhidi ya ladha ya taifa.

Kisha kitambaa kikawa cheupe na kikabaki cheupe.

Ni lazima ielezwe kwamba nakala ya filamu ile ilikuwa moja kwa kumbi mbili. Ijumaa ilikuwa imekwenda katika ukumbi mwingine huko barabara ya Webuye, na asubuhi ya Jumamosi ikarudishwa na Simeon, dereva wa lori la mahindi, katika makopo matano ya bati, mapana na mviringo. Simeon alisimama njiani, Chepsaita, kushusha mbegu. Huko mama mmoja aitwaye Nekoye alimsaidia kushusha, na katika kushusha aliona kopo moja ambalo, kwa rehema, lilikuwa na upana kamili wa mdomo wa chungu chake, akalichukua zima. Chungu hicho kilikuwa na kinywaji ambacho kalamu hii haina haja ya kukitaja. Kinywaji cha namna hiyo kinapotulia hakipendi kufunuliwa. Basi mkanda wa nne, pamoja na mfalme wake na nyota zake, ulikaa juu ya chungu, na kazi hiyo ukaifanya vizuri.

Wepukhulu alitoa kichwa kwenye kidirisha chake. "Mama Perez," akasema kwa upole, "kopo la nne halipo. Naweza kuweka la tano."

Mama Perez akamtazama D.O. D.O. akafikiri kwa uzito wa mtu anayefikiria daraja.

"Kibali nilichotia sahihi," alisema, "ni cha mikanda mitano. Minne siijui. Na tukiruka, tutajuaje yaliyotokea?"

Sauti ya Nasambu ikatoka ukutani, alikosimama na sinia lake. "Si Mwalimu Ondiek yuko hapo? Yeye anaijua yote akiwa amefumba macho. Hata aliniandikia karatasi, lakini nilifungia watu njugu."

Kicheko kikapita ukumbini. Mama Perez akageuka polepole, na katika uso wake Ondiek akaona fomu.

"Mwalimu," akasema, "simama utusaidie."

Wepukhulu aliiwasha taa ya mashine bila mkanda, na Ondiek akasimama mbele ya kitambaa cheupe, kivuli chake kikubwa nyuma yake, watu mia tatu mbele, na D.O. hatua tatu kutoka miguuni mwake. Hakuona haya. Alikunja mikono nyuma kama afanyavyo darasani.

"Mabibi na mabwana. Yanayofuata ni mepesi sana. Mfalme huyu ametawala miaka mia mbili. Amewanywea watu mwanga wao, na yeye hazeeki. Sasa watu wamechoka. Wamekubaliana kwa umoja wao kwamba mfalme huyu ni lazima—"

Hapo aliisikia sauti yake mwenyewe.

Maneno hayohayo yalikuwa yamesemwa ukumbini mle tangu saa nane, kwa Kiingereza cha puani, yamevaa moto na barafu na mienge, na mgeni wa heshima akayapigia makofi. Sasa yalikuwa yamevuliwa. Yalisimama mbele ya serikali kwa Kiswahili safi, katika kinywa cha mwalimu anayelipwa na serikali hiyohiyo, mkabala na picha iliyo juu ya mlango, kama mtu aliyetoka bafuni bila taulo. Kifimbo cha D.O., kilichokuwa kikigonga goti taratibu, kiliacha kugonga.

"Ni lazima nini, Mwalimu?" aliuliza D.O. Aliuliza kwa upole, na afadhali angeuliza kwa ukali.

"Ni lazima apumzike, Bwana D.O.," alisema Ondiek. "Watu wamechoka na safari. Mfalme naye amechoka. Kwa hivyo wanakubaliana wote wapumzike."

"Wapumzike wapi?" akauliza Nasambu. "Si saa hii walikuwa wanapigana na moto?"

"Hiyo ilikuwa ndoto."

"Ya nani?"

Mwalimu Ondiek alifanya kile ambacho angekifanya mtu yeyote anapofukuzwa: alikimbilia nyumbani kwake. Akasema ndoto ilikuwa ya pacha wa mfalme. Akasema pacha huyo ndiye aliyekuwa mfalme tangu mwanzo, na yule tuliyemwona ni kumbukumbu ya pacha. Akasema kijana wa machimboni ni pacha huyohuyo kabla hajazaliwa, na kwamba nyota ni maswali. Alikwenda hivyo kwa dakika tano, akafunga mlango huu akafungua ule, na kila mlango uliofunguka watu walizidi kupotea. Watoto walianza kulia. Mtu wa nyuma aliuliza kama kuna aliyemwona huyo pacha, maana yeye pengine alikuwa amekwenda chooni.

D.O. akainama kwa Mama Perez, akanong'ona kwa sauti iliyofika jukwaani. "Huyu ndiye aliyeandika ule mchezo wa kufuli?"

"Ndiye, Bwana D.O."

"Kumbe. Mimi nilidhani kasoro ni ya taipureta."

Ondiek alisikia. Aliuona ule mstari mweupe wa fomu ukirefuka hadi Jumanne, na zaidi ya Jumanne. Akisema mepesi, ataulizwa maswali katika chumba kisicho na madirisha. Akisema magumu, hakuna atakayemwuliza lolote milele. Macho yake yakatangatanga, yakamwangukia Nasambu na sinia lake, naye Nasambu, kwa kumhurumia, akamtupia kamba.

"Mwalimu, hao wafalme wawache. Yule mzee wa mkono mmoja, yeye alifika wapi?"

Rubani mzee alikuwa amependwa na ukumbi wote. Kwa mikanda mitatu alikuwa akitafuna kitu kikavu kisichoisha na kulalamikia magoti yake. Ondiek hakuwa amemtilia maanani. Wazee wa namna ile wamo katika kila hadithi nyepesi. Lakini kwa kuwa hakuna sheria inayokataza kusimulia habari za magoti, akaanza hapo.

"Mzee na kijana wamekwenda kwenye chombo," alisema. "Wana watu arobaini ndani, na watoto. Askari wanakuja. Lakini mlango wa chombo haufungiki kwa ndani. Kufuli lake limeungua. Lazima mtu mmoja abaki nje aushike hadi chombo kiondoke."

Watoto waliacha kulia.

"Kijana anasema, nitabaki mimi. Mzee anamwambia, wewe una mikono miwili, utaihitaji huko uendako. Mlango huu unataka mkono mmoja tu."

Alinyamaza. Hakunyamaza kwa ufundi. Alinyamaza kwa sababu hakujua kinachofuata, kisha akagundua kwamba anakijua, na kwamba kila aliyeketi mle anakijua, na kwamba kwa sababu hiyohiyo hakuna aliyepumua. Waliolelewa na tenzi wangemwambia hilo bure. Wao hutajiwa mshindi na marehemu katika beti za mwanzo kabisa, na bado msomaji akifika penye jeraha wanafunika nyuso kwa kanzu zao. Lakini hakuwahi kuwauliza.

"Akabaki?" aliuliza Nasambu.

"Akabaki."

"Nje?"

"Nje. Akaegemea mlango, akatoa kile kitu chake mfukoni, akaendelea kutafuna. Chombo kikaondoka."

Ukumbini palikuwa na sauti za leso. Mkulima wa Turbo, aliyerudi mara ya pili na mara hii hata hakusingizia mbolea, alikuwa akilia waziwazi. Bwana D.O. aliivua kofia yake akaiweka gotini. Mama Perez alitazama mbele, akampungia Wepukhulu mkono: mkanda wa tano.

Mkanda wa tano ulianza kwa rubani mzee. Alikuwa ameketi ndani ya chombo, mzima wa afya, akitafuna na kulalamikia magoti.

Ghasia iliyofuata haikuwa ndogo. "Wewe Wepukhulu," alisema Nasambu, "umeweka mkanda gani? Huyu tumeshamlilia."

"Mimi naonyesha kile kiko kwa kopo," alijibu Wepukhulu kidirishani.

"Basi kopo linadanganya. Tumesikia Mwalimu akisema alibaki nje."

Watu walimwunga mkono. Ilikuwa dhahiri kwao kwamba wazungu waliotengeneza ile filamu walikosea, ama hawakujali, na kwamba Mwalimu ndiye aliyekuwapo. Ghasia ilitulia tu pale jumba la mfalme lilipopasuka. Lilipasuka kuanzia msingi, kimya kwanza, kisha kwa ngurumo iliyotikisa viti, na kutoka tumboni mwa mfalme zikatoka nyota zote alizozimeza, moja baada ya moja, zikirudi kila moja mahali pake, hadi kitambaa kikawa cheupe kwa nuru na nyuso za watu zikaonekana kama mchana. Bwana D.O. alisimama akapiga makofi. Kofia ikamwanguka. Wala yeye wala mwingine yeyote hakuuliza ni nani aliyemwangusha mfalme, na kwa sababu gani.

Nje, mlangoni, D.O. alimkuta Ondiek amesimama kama mtu anayengoja daktari. Mama Perez alikuwa tayari ameitoa fomu mkobani.

"Mwalimu," alisema D.O., "mchezo wako nimeusoma mara nne. Mke wangu ameusoma. Karani wangu aliusoma akaomba likizo."

"Ni mchezo wenye tabaka nyingi, Bwana D.O."

"Tabaka ni za kitunguu. Mimi nina mstari mmoja. Hii filamu ya leo niliijaza kwa dakika moja: kijana anapigana, anashinda. Waliotaka kujua huko juu waliridhika." Akachukua kalamu. "Yule mzee na mlango nilimwelewa. Sasa nipe kisima namna ile."

Ondiek alimtazama Mama Perez, ambaye alitazama mawinguni. Maneno yalimtoka moja moja, kama meno.

"Kisima kinafungwa," alisema. "Kisima kinafunguliwa."

"Basi?"

"Basi."

"Sasa zile kurasa tisini zilikuwa za nini?" D.O. hakungoja jibu. Aliweka fomu juu ya sinia la Nasambu, katikati ya njugu, akaandika kwa herufi kubwa za duara alizofundishwa utotoni. Alipomaliza neno la mwisho alisita, kalamu hewani. Akauliza bila kuinua kichwa: "Na nani anakifungua?"

Nasambu aliacha kutafuna.

"Mstari umejaa, Bwana D.O.," alisema Ondiek.

D.O. akautazama. Ulikuwa umejaa kweli. Herufi ya mwisho ilikuwa imegusa ukingo wa karatasi. Akautazama kwa muda uliozidi kidogo ule unaohitajika kuutazama mstari, kisha akatia sahihi.

"Kweli," alisema, "umejaa." Akavaa kofia. "Lakini weka taa, Mwalimu. Nyingi. Mtu akitazama taa hasikii mengi."

Siku ya pili, baada ya ibada, Simeon alileta mkanda wa nne, ukiwa na harufu iliyomfanya Wepukhulu aufute mara tatu. Watu wengi waliokuwapo Jumamosi walirudi kumwona mzee akibaki nje. Hakubaki nje. Mambo yote yalikwenda kama yalivyoandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya Nasambu, na watu waliondoka wakimwambia Wepukhulu kwamba huko Chepsaita alibadilishiwa mkanda. Mwalimu Ondiek naye alikuwapo, kiti cha nyuma kabisa. Waliomwona wanasema alikaa dakika ishirini kinywa wazi, bahari iliposimama na nyota zilipokuwa zikizimika. Alipoulizwa alisema ni jino.

Mchezo wenyewe aliukata kati ya Jumapili na Jumatatu, kurasa tisini zikawa thelathini. Aliyefariki alibaki amefariki. Mwanafunzi aliyekuwa kufuli aliambiwa kwamba kufuli ni baya, akafurahi, kwa kuwa ndivyo alivyodhani tangu mwanzo. Wepukhulu aliazima taa mbili za zamani za ukumbi na karatasi za rangi za kupitisha mwanga, akasafiri na shule kama mtaalamu. Kisima kilipofunguliwa, nuru ya buluu ilipanda kutoka sakafuni ikajaa dari, na watazamaji wakasimama kabla hawajajua kwamba wamesimama.

Shule ilipata nafasi ya tatu. Taarifa ya majaji ilifika baada ya wiki moja, na Ondiek aliifungulia mlangoni mwa sinema, alikokuwa amezoea kupita jioni ili amsahihishe Wepukhulu. Akaisoma mara moja, akaisoma tena.

"Wanasema nini?" aliuliza Nasambu.

"Wanasema taa zilikuwa za ajabu. Wanasema hawajaona taa kama zile." Akageuza ukurasa. "Lakini hadithi ni nyepesi. Wanasema tangu onyesho la kwanza walijua kwamba kisima kitafunguliwa."

Nasambu alilifikiria jambo hilo huku akipima njugu kwa kikombe.

"Kwani wao walitaka kibaki kimefungwa?"

Juu yao, kidirishani, mashine ya Wepukhulu ilianza kuvuma. Mwalimu Ondiek aliikunja taarifa ya majaji mara nne, akampa Nasambu, naye akaipasua katikati na kuifanya vifuko viwili vizuri vya njugu.